Matuta ya Kushuka

Jembe la tatu lilipoingia ardhini, Veneranda akajua kwamba Kunigunda hakukosea mstari.

"Dada, mbona unashuka?"

"Nashuka."

"Na nyasi ziko wapi?"

"Nimezichoma."

Veneranda akalaza jembe lake chini taratibu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Ulikuwa mwezi wa tatu, na kote mlimani wanawake walikuwa wakichimba ngoro. Ukisimama ng'ambo ya bonde ungeona mteremko mzima umejaa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Kila shimo lilikuwa na kingo nne, na ndani ya kila ukingo zililala nyasi zilizofyekwa, zikafunikwa udongo ili zioze na kulisha maharage. Hivyo ndivyo Wamatengo wanavyolima milima ambayo mgeni angedhani haifai hata kwa mbuzi. Mvua ikinyesha, kila shimo hunywa yake, na mlima hubaki mahali pake.

Naye Kunigunda, ambaye ngoro zake mama wakwe walizionyesha kwa bibi harusi wapya, alikuwa anachora matuta marefu yaliyonyooka, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayechana nywele.

"Maji yatashuka yote," Veneranda alisema.

"Ndiyo kazi ya maji."

"Yatatushukia sisi."

"Sisi nani? Una shamba huko chini, wewe?"

"Shamba la Joakim si ndilo langu? Mume wangu."

"Hapana, mama. La Joakim ni la Joakim. Nenda kamuulize, atakwambia vizuri. Mimi nilimuuliza, nikaambiwa."

Veneranda akachukua jembe lake, akasimama nalo kidogo, kisha akateremka kwa njia ya pembeni bila kuaga. Kunigunda akatema mate viganjani, akaendelea kushuka.

Maneno aliyoambiwa yalikuwa na miaka sita. Siku ile matanga ya mumewe Meinrad yalikuwa yamekwisha tu, majivu ya moto wa msibani bado yana joto. Ukoo ukakaa. Ardhi yao ilikuwa mgongo mmoja wa mlima: juu ngoro, katikati kahawa, bondeni kisima. Joakim, mdogo wa marehemu, akasimama na kofia mkononi, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ngoro ni kazi ya wanawake, kahawa ni ya wanaume. Marehemu kaka hakuacha mtoto wa kiume. Shemeji abaki na kule juu, ale. Kahawa irudi kwa ukoo."

Ukoo maana yake ilikuwa Joakim.

Mzee Mansuetus, mkubwa wao, alikohoa, akaangalia chini, akasema imepita.

Sasa sikia. Ile mibuni mia tatu haikupandwa na ukoo. Miche ilipandwa na Kunigunda, tena aliibeba kichwani kwenye ungo kutoka kwenye kitalu cha misheni, safari moja baada ya nyingine, huku binti yake Otilia yuko mgongoni ananyonya ncha ya khanga. Meinrad alichimba mashimo, kweli, Mungu amrehemu. Lakini aliyemwagilia kwa kibuyu kiangazi cha kwanza ni nani? Aliyefukuza mbuzi? Kuna mbuni mmoja uliopinda karibu na jiwe aliouita Kilema. Mwingine uliozaa kabla ya wenzake aliuita Mbea. Alimwambia Joakim hayo yote pale kikaoni. Joakim akasema, "Shemeji, miti haina ubatizo," na watu wakacheka, maana baada ya msiba watu hutafuta pa kuchekea.

Toka siku ile Joakim hakumwamkia tena. Zamani alikuwa anasema shikamoo hata akiwa na mzigo kichwani. Sasa alipita kwenye uchochoro wa migomba akipiga mluzi.

Kunigunda alinyamaza. Wenzake walidhani amesamehe, padri akamtoa kuwa mfano kwenye mahubiri ya Kwaresima, na yeye akainamisha kichwa kama watu wanaosifiwa wanavyofanya. Lakini hakuwa amesamehe. Alikuwa hajaona tu pa kushika. Mwenye kuchoma mahindi haraka hula ya moshi.

Pa kushika alionyeshwa mwaka uliopita, mwezi wa tisa.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Kahawa za watu zilikunja majani kama masikio ya mbwa mwenye woga, lakini kahawa ya Joakim ilisimama kijani, inameremeta. Wakaja wageni kutoka Mbinga kuitazama, pamoja na bibi shamba wa kata, msichana mmoja aitwaye Edina, mwenye buti za mpira na daftari. Joakim alikuwa amevaa koti la harusi.

"Siri yako ni nini, bwana Joakim?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mbolea," Joakim akasema, "na akili."

Edina hakuandika. Alikuwa anatazama juu. Akapanda mwenyewe hadi kwa Kunigunda, akamsalimu, akaomba ruhusa, akaruka ndani ya shimo moja la ngoro na kuchimbua ukingo kwa vidole. Akatoa tonge la nyasi nyeusi zilizooza, na ndani yake nyungunyungu wanne wanene wakijinyonganyonga.

"Bibi, nyasi hizi unafukia kila mara?"

"Kila ngoro mpya. Na magugu nayatupa shimoni mwaka mzima. Mama yangu alifanya hivyo."

Edina akawaita wale wageni, wakapanda wakihema. Akawaambia mambo ambayo Kunigunda aliyafanya maisha yake yote bila kuyasikia yakitajwa. Akasema nyasi zikioza, wadudu na nyungunyungu wanazila. Nyungunyungu wakitembea wanatoboa vijia, na maji yaliyolala shimoni yanaingia humo, yanashuka chini kwa chini, polepole, wiki na miezi, ndipo yanafika kwenye mizizi ya kahawa na kwenye kisima. "Hapa juu hakuna kinachoishi peke yake," alisema. "Nyasi, mdudu, maji, mbuni. Ukimtoa mmoja, wote wanayumba." Kisha akacheka na kumgeukia Joakim. "Unaona, bwana Joakim? Huyu mama wa juu ndiye anayekulisha wewe wa chini."

"Anilishe? Huyu?" Joakim akavuta koti lake. "Huyu ana mashimo tu, bibi shamba. Hata panya ukimzika humo atakataa, atasema mnipeleke kwa wenye watoto wa kiume."

Wageni wakacheka. Edina peke yake hakucheka. Alikaza macho kwenye daftari.

Kunigunda naye alicheka. Alicheka sana, mpaka akashika mbavu, na Joakim akamtazama kwa mashaka. Kumbe! Miaka sita alikuwa anambebea adui maji, tena usiku na mchana, tena bure, na wala hakujua. Hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha mwanamke kuchimba ngoro. Hakuna amri ya Mungu pia. Jioni ile alizipitia amri zote kumi, moja moja, na hakuiona.

Ndiyo maana mwezi wa tatu nyasi zilichomwa. Moshi wake ulisimama juu ya mlima siku nzima na majirani wakatoka nje kuangalia, kwa sababu kuchoma nyasi za ngoro ni kama kuchoma ghala. Ndiyo maana matuta yalishuka.

Mvua za mwezi wa nne zikaja. Zikafanya jambo ambalo hakulitegemea.

Maji yalishuka kweli, lakini hayakushuka matupu. Yalichukua ule udongo mweusi wa juu, mafuta ya mlima, kazi ya miaka sita ya nyasi na magugu na nyungunyungu, yakaupeleka wote kwa Joakim na kuumwaga kwenye mashina ya kahawa kama mtu anayepakua mboga. Maharage ya Kunigunda yakabaki yamesimama juu ya mizizi yake kama kuku. Kahawa ya Joakim ikapata rangi ambayo haijawahi kuonekana.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Joakim alimsubiri mlangoni mwa kanisa, kati ya wanaume.

"Shemeji! Asante kwa mbolea!" alipaza sauti. "Mwakani usisahau kuchanganya na mavi ya mbuzi!"

Wanaume wakapiga makofi.

"Karibu, baba," Kunigunda akasema. "Kula ushibe."

Alifika nyumbani, akasonga ugali, akaunga dagaa wa ziwani waliotoka Mbamba Bay, na tonge la kwanza likakataa kushuka. Alikaa mbele ya sahani mpaka mchuzi ukaganda. Alikuwa amempa adui vyote kwa mkono wake mwenyewe, mpaka udongo. Angeweza bado kuchimba. Mvua zilikuwa hazijaisha, majirani wangemsaidia, nyasi zingepatikana. Alitoka nje, akashika jembe, akatazama ule mteremko uliochanwa.

Akalirudisha jembe ukutani.

"Amekula akiba," alijisemea. "Tuone atakula nini kesho."

Mavuno ya maharage yake mwezi wa sita hayakujaza hata ungo. Alikula maboga. Alikula viazi vya jirani. Otilia alituma unga kutoka Songea na maneno makali kwenye simu: "Mama, acha hayo mambo, njoo ukae huku." Akajibu kwamba ana kazi anaimalizia.

Mwezi wa saba upepo wa baridi ulikausha mlima. Matuta yake yakawa magumu kama sakafu, hayakutobolewa na mdudu yeyote, kwa kuwa nyungunyungu walikuwa wamekufa au wamehama. Mvua yote ya masika ilikuwa imepita juu kwa juu, ikaenda mtoni na kutoka mtoni hadi Ziwa Nyasa, na chini ya ardhi hapakuwa na kitu kilichobaki njiani. Mwezi wa nane kahawa ya Joakim ikakunja majani kabla ya kahawa za watu wengine wote. Beri zikaanza kukauka mtini, ndogo, nyeusi, kama choo cha mbuzi.

Kisima nacho kikashuka. Zamani ulikuwa unachota ukiwa umesimama. Sasa wanawake walipiga magoti na kukomba kwa kikombe.

Hapo kisimani ndipo Veneranda alipomkuta. Wote wawili walikuwa na ndoo, na maji yalikuwa ya ndoo moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chota wewe kwanza."

Veneranda hakuchota. Alikaa juu ya ndoo yake. "Mchwa wameingia kwenye kahawa," alisema. "Wanapanda mibuni mibichi, dada! Wanaimenya magome. Wameanzia wapi wale?"

"Walikuwa kwangu. Walikuwa wanakula nyasi zangu kavu na mabua. Nyasi hakuna. Ulitaka wale nini, sakramenti?"

Veneranda alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha kicheko kikageuka, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ndiyo maana nimekupisha uchote."

"Nafuata maji bonde la tatu sasa."

"Nami nafuata huko huko. Kwani mimi nina bomba?"

"Na ile mibuni, dada. Uliipanda wewe. Kilema amebaki matawi mawili. Huoni huruma?"

Mjusi alipita juu ya jiwe la kisima, akasimama, akaendelea. 

"Mtu mwingine hana haki ya kuiua," Kunigunda alisema. "Mimi ninayo. Mwambie mumeo hivi: ninachotaka anakijua. Mibuni mia tatu, mbele ya ukoo, kama alivyoichukua. Asinitumie wewe na machozi. Aje mwenyewe."

Asubuhi moja Joakim alipokuwa amekwenda soko la kijiji cha Ruanda, Kunigunda aliteremka. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga kwenye kahawa tangu ule mwaka wa msiba. Alipita katikati ya mistari, mikono nyuma. Mbea alikuwa amekauka upande mmoja. Alipomgusa, gome likabanduka na kumbakia mkononi, na chini yake mchwa wakatawanyika, weupe, wengi. Alisimama na lile gome. Kisha akapanda kurudi kwake, polepole sana, akisimama kila hatua kumi kama mtu mgonjwa, na hakula siku ile.

Lakini hakuchimba.

Joakim hakuja mwenyewe. Alikwenda kwa Mzee Mansuetus. Mzee akamwita Kunigunda, akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia mbele ya wanaume watano, "Mama Otilia, mlima unaharibika. Chimba ngoro."

"Shikamoo, mzee wangu," Kunigunda akasema. "Ningechimba. Tatizo ni kiuno. Ngoro ni kazi ya wanawake, ninyi wenyewe mlisema hapa hapa, na mwanamke wa shamba lile ni mimi tu, na ndiyo kiuno hiki. Sasa kama kuna mwanaume mwenye kahawa na ana kiuno kizima, mimi simzuii."

Mzee Mansuetus alitaka kukasirika. Badala yake akakohoa kile kikohozi chake, akafunika mdomo kwa kiganja, na mabega yakatikisika.

"Kahawa si ungempa tu?" mzee alimuuliza Joakim, aliyekuwa kati ya wale watano.

"Kwa sababu ya vitisho vya mwanamke? Sitoi hata mti mmoja."

Joakim alijaribu kuwaita wanawake wa mtaani, wale wanaolimiana kwa zamu. Akaahidi pombe na nyama. Wakamjibu kwamba kwa Kunigunda hawaingii mpaka Kunigunda awaite. Basi mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, akaleta vibarua wanne wa mjini, vijana wenye mabega na redio. Kunigunda akawakaribisha. Akawakorogea togwa. Akakaa kwenye ukingo wa shamba, akawatazama wakichimba mashimo makubwa, mazuri, yaliyopangana, mlima mzima kwa siku sita.

"Bibi, zimekaa vizuri?" mmoja aliuliza akijifuta jasho.

"Vizuri kabisa, baba. Mna mikono. Mungu awabariki."

Hawakulaza nyasi. Walikuwa wamerundika udongo mkavu juu ya udongo mkavu. Hakuna aliyewaambia, na Joakim, mtu wa kahawa, alikuwa hajawahi kutazama ndani ya ukingo wa ngoro maishani mwake. Alipanda siku ya mwisho kukagua, akaona mashimo, akaridhika. Akamtazama Kunigunda, akapiga mluzi.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mwezi wa kumi na mbili, saa saba mchana. Ilitoka upande wa ziwa, nyeusi. Kunigunda alisimama mlangoni. Mashimo yalijaa. Kwa muda yalishika, yakang'aa yote kama macho, na moyo wake ukasita. Kisha ukingo mmoja wa juu kabisa, usio na nyasi za kuufunga, ukalainika na kukaa chini kama mzee aliyechoka. Maji yake yakaingia shimo la pili, shimo la pili likapasuka, na la tatu, na sasa hapakuwa tena na mashimo bali kitu kimoja kinachoshuka na kunguruma kama lori linalomwaga kokoto. Kilipita kwenye kahawa. Mistari mizima ililala. Alisikia sauti ya Joakim huko chini, na sauti ya Veneranda ikiita mbuzi, na bati likigongwa na mawe.

Kunigunda alipiga kofi moja, pah! Akasema, "Haya. Chukua na hiyo mbolea."

Ilikuwa tamu, asiseme mtu kwamba kisasi si kitamu. Ulikuwa utamu wa kulamba kisu. Mvua ilipokatika aliona korongo jekundu limepasua mlima kutoka mlangoni kwake hadi bondeni, na pembeni mwake mibuni imelala mizizi juu, na kwa mbali hakuweza kujua upi ni upi. Kisima kilifukiwa. Wanawake wa mtaa mzima walikizibua kwa siku mbili, na Kunigunda alikuwa wa kwanza kufika na sepetu, na hakuna aliyemwambia neno.

Joakim alikuja mwezi wa tatu.

Alikuja asubuhi, peke yake, na nyengo ya kufyekea nyasi kwenye bega na jembe mkononi. Alikuwa amekonda shingo. Alisimama mbali kidogo na mlango.

"Shikamoo, shemeji."

Kunigunda alikuwa anapepeta. Akapepeta mpaka pumba zote zikaisha. Kisha akabandua kucha moja iliyovunjika, akaitazama.

"Marahaba," akasema.

"Imebaki miti mia moja na kitu. Masika haya mvua ikishuka tena kama ile, na nyumba inakwenda. Nimekuja tuchimbe ngoro."

"Tuchimbe?"

"Nichimbe."

"Unajua?"

"Utanionyesha." Akatua jembe chini. "Na nimefikiri, shemeji. Nitakupa mistari mitatu ya kahawa. Ile ya upande wa jiwe."

"Sitaki kupewa changu," Kunigunda akasema. "Anza kufyeka."

Alifyeka siku mbili. Nyasi zikakauka. Akamwonyesha kuzilaza, fungu kwa fungu, zikikatana mpaka mteremko ukawa na miraba kama wavu, kisha akamwambia asimame katikati ya mraba na achimbe, udongo autupe juu ya nyasi, pande zote nne, asiache unyasi hata mmoja ukichungulia. Yeye mwenyewe alikaa juu ya kigoda alichokwenda nacho shambani, miguu ameinyoosha.

"Hilo vunja."

"Lina nini?"

"Halina nyasi kona ya kule. Vunja."

Joakim akavunja.

Habari hupanda mlima haraka kuliko mbuzi. Siku ya pili ya kuchimba, mashamba ya jirani yalikuwa na wanawake wengi kuliko kazi iliyokuwamo. Waliegemea majembe yao. Albina, mjane mmoja mwenye ulimi, alikuwa wa kwanza.

"Mama Joakim! Hujambo, mama! Umeacha khanga nyumbani?"

"Inama vizuri, mwanamke mwenzetu, utaumia kiuno!"

"Mwacheni, bibi harusi mpya huyo! Mama mkwe anamfundisha!"

Vigelegele vikapigwa, vikapokewa ng'ambo ya bonde. Shingo ya Joakim ilikuwa nyekundu kwa vumbi kama lile korongo. Hakuinua kichwa. Veneranda alikuja mchana na chakula, akakitua, akamtazama mumewe ndani ya shimo, akamtazama Kunigunda kwenye kigoda. Akageuka upesi kuondoka, na nyuma yake ilionekana kwamba anacheka.

Siku ya tisa ilibaki kazi ya nusu siku. Mlima ulikuwa umerudi kuwa sega. Hata Kunigunda alikubali moyoni kwamba safu za mwisho zilikuwa nzuri, kingo zake nene, laini ukizikanyaga, kama godoro. Kulikuwa bado na mkanda mmoja katikati, upana wa ngoro tatu, ulioanzia juu kabisa na kushuka wima hadi chini. Joakim alibeba fungu la nyasi, akaanza kulilaza hapo.

"Hapo acha."

Joakim akafikiri hakusikia vizuri. "Hapa?"

"Hapo. Pabaki hivyo hivyo."

"Shemeji, mvua ikija yote itafuata hapa."

"Naijua mvua."

Joakim akatazama chini. Mkanda ule mtupu ulikwenda moja kwa moja kwenye mibuni iliyobaki, na mwisho wa mibuni lilikuwapo paa la nyumba yake, bati lililokunjwa na mawe ya mwezi wa kumi na mbili, moshi wa jikoni ukitoka pembeni. Alisimama na lile fungu la nyasi kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake kushika.

"Basi mistari kumi," alisema.

Kunigunda alikuwa ameshuka kwenye kigoda. Alikuwa anapanda. Alitoboa ukingo kwa kidole, akadondosha maharage mawili, akafunika, akasogea.

"Nusu. Shemeji. Nusu ya yote."

Alitoboa, akadondosha, akafunika.

Upande wa ziwa, juu ya vilima vya mwisho, palikuwa na wingu moja jeusi tumboni, na halikuwa bado limeamua pa kwenda. Joakim alilitazama. Akatazama chini tena, upande wa nyumba ya Mzee Mansuetus, pale ukoo ulipokaa mwaka ule wa msiba, ambako sasa mtu alikuwa anatwanga. Nyasi zilianza kumdondoka mikononi, unyasi mmoja mmoja, na upepo ukazichukua.